Pa Kuegesha

Kila jioni, kabla ya kuwasha jiko, mwenye nyumba ya magurudumu hutoa pima maji. Ni ileile ya fundi mwashi, yenye kitone cha hewa kinachocheza ndani ya kioo. Huiweka sakafuni karibu na mlango, akaiinamia, akashuka kusukuma kibao cha plastiki chini ya tairi la kushoto, akapanda tena, akaangalia tena. Msidhani ni unadhifu wa kupitiliza. Majokofu mengi ya nyumba hizi hayana kompresa; yanapoza kwa amonia inayochemshwa na mwali mdogo wa gesi, ikapanda mabombani ikiwa mvuke, ikageuka kimiminika na kuteremka kwa uzito wake yenyewe. Gari likiinama sana, amonia haiteremki inavyopaswa, baridi hupotea, na jokofu likiachwa hivyo kwa muda huharibika moja kwa moja. Basi mtu aliyeuza nyumba yenye msingi wa zege, akaapa kwamba hatafungwa tena na ardhi, hujikuta kila magharibi akiipima ardhi kwa jicho la fundi.

Wapo Wamarekani wengi wanaoishi hivyo mwaka mzima, si wakati wa likizo tu. Kuna wastaafu. Kuna wauguzi wanaohama hospitali kila mkataba wa majuma 13 unapokwisha. Kuna waandika programu ambao, kwa intaneti ya setilaiti ya kuhama nayo, wanahudhuria vikao vya ofisi huku nyuma yao dirishani kuna mlima. Wanaowazungumzia hujigawa makundi mawili: hawa huwaita watu huru, wale huwaita mafukara wasiotaka kujikubali. Nimesoma na kusikiliza pande zote mbili, na naona wote wameikodolea macho barabara. Gari likiwa mwendoni halimkeri mtu. Mambo huanza linaposimama. Ni nani anayeruhusiwa kusimama, wapi, kwa siku ngapi. Na kwa nini mmoja akizima injini hukaribishwa chai, na mwingine hugongewa dirisha saa nane za usiku?

Nyingi ya nyumba hizi hutengenezwa kaskazini mwa jimbo la Indiana, katika mji wa Elkhart na jirani zake. Katika viwanda hivyo wamo mafundi wengi wa Kiamishi, Wakristo ambao imani yao haiwaruhusu kumiliki gari na ambao huenda sokoni kwa kigari cha farasi. Anayekataa kumiliki gari anampigilia kabati za jikoni anayekataa kumiliki kiwanja. Ningependa sana kuwakalisha hao wawili meza moja nikawasikiliza, lakini tuendelee.

Mahali pa kuyaona maisha haya kwa wingi wake ni Quartzsite, mji mdogo wa jangwani magharibi mwa Arizona, karibu na mpaka wa California. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu huko wakazi kama 2,400. Ukifika mwezi wa Agosti utadhani pamehamwa: joto linapita nyuzi 40, maduka mengi yamefungwa. Rudi Januari. Kutoka barabara kuu hadi vilima vya mbali, jangwa limejaa mapaa meupe, vibao vya sola, mbwa, viti vya kukunja, bendera. Ardhi hiyo ni ya umma, chini ya idara ya shirikisho, na sehemu yake imetengwa kwa wanaokaa muda mrefu. Kwa miaka mingi ada yake ilikuwa dola 180, nayo inampa mtu haki ya kukaa kuanzia tarehe 15 Septemba hadi tarehe 15 Aprili. Miezi saba. Hakuna umeme wala barabara za lami. Pana maji ya kuchota, pa kutupa taka, na pa kumwagia choo. Wengi wa wanaokuja wanaikimbia theluji ya Minnesota, Michigan na Kanada.

Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu hapa. Majahazi ya Oman, ya Ghuba na ya Kachi yalishuka hivyohivyo na kaskazi, yakatia nanga Mombasa, Lamu na Unguja, na mabaharia wakaishi nchi kavu hadi kusi iliposhika. Bandari ilifurika kwa miezi michache, bei zikapanda, ugomvi ukaongezeka, ndoa zikafungwa, kisha siku moja forodhani pakawa peupe. Ila baharia aliyekuwa akisubiri kusi alikuwa na kwao. Upepo ulimrudisha Suri au Matrah kwa watu waliomhesabia siku. Quartzsite nayo hutawanyika Aprili, lakini si wote wanaorudi mahali. Wenye nyumba Minnesota huenda kufungua madirisha yao yaliyofungwa majira yote ya baridi. Wasio na nyumba popote hupanda milimani kulikopoa, kwenye ardhi nyingine ya umma, ambako kanuni ya kawaida ni kukaa siku 14 kisha kusogea maili kadhaa na kuanza kuhesabu upya. Ukiyatazama magari yao jangwani Januari hutajua lipi ni la nani. Rangi ni ileile, kiti cha kukunja ni kilekile, na salamu ya asubuhi ni ileile.

Katika makaburi ya Quartzsite kuna piramidi ndogo ya mawe, juu yake sanamu ya ngamia. Amelala hapo Haji Ali, mzaliwa wa milki ya Waothmani, aliyeletwa Texas kwa meli mwaka 1856 pamoja na ngamia ambao jeshi la Marekani lilitaka kuwajaribu jangwani. Wanajeshi hawakuweza kulitamka jina lake, wakamwita Hi Jolly, na ndivyo lilivyochongwa kaburini. Mwaka 1857 alikuwamo katika msafara wa kupima njia kuelekea California. Ngamia walifanya kazi yao vizuri. Farasi na nyumbu ndio waliowaogopa, na wanajeshi hawakuwapenda. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mradi ukasahauliwa, ngamia wengine wakauzwa, wengine wakaachiwa nyikani. Haji Ali akabaki kuzunguka jangwa hilo akichimba dhahabu na kubeba mizigo, hadi alipofariki mwaka 1902. Piramidi ilijengwa mwaka 1935, na waliojenga ni idara ya barabara kuu ya Arizona. Serikali ilimlipa alipokuwa akitembea. Mahali pa kusimama ilimpa akiwa amekwisha kufa miaka 33.

Sasa habari ya fedha, kwa kuwa bila hiyo tutakuwa tunasimulia ndoto. Mmarekani anaweza kuanza kuchukua pensheni ya serikali akiwa na miaka 62, lakini aliyezaliwa mwaka 1960 au baadaye akiichukua mapema hivyo hukatwa asilimia 30 ya kile ambacho angepata akisubiri hadi 67. Kiwango hufuata mishahara aliyolipwa mtu maishani, kwa hiyo mwanamke aliyefanya kazi kwa mshahara mdogo, au aliyeacha kazi kulea watoto kisha akaachika, huzeeka na kipato kisichotosha kodi ya chumba. Bei za nyumba zilipoanguka katika msukosuko wa mwaka 2008, benki zikachukua mamilioni ya nyumba. Wengine waliokuwa wamebakiza miaka michache kustaafu waliuza vyombo uani, wakanunua gari kuukuu na kuingia barabarani. Mwaka huohuo Amazon ilianza kuwaajiri watu wa aina hii kwa msimu wa Krismasi: ulikuja na nyumba yako, kampuni ikakulipia pa kuegesha, ukapanga na kufunga mizigo ghalani kwa zamu ndefu, na Krismasi ikipita ukaondoka. Kuna pia mavuno ya viazisukari Dakota Kaskazini na Minnesota mwezi wa Oktoba, zamu ya saa 12, matope hadi magotini. Kuna kazi ya kutunza kambi katika misitu ya taifa: kusafisha vyoo vya watalii, kuzoa majivu, kuwanyamazisha walevi saa nne za usiku.

Mwandishi Jessica Bruder aliishi nao na kuandika juu yao katika *Nomadland*, kitabu kilichotoka mwaka 2017. Wengi wanaijua filamu, ile ya Chloé Zhao iliyotunukiwa Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Filamu ni nzuri, na baadhi ya wazee wenyewe wamo ndani yake wakijiigiza. Lakini mimi nashika kitabu. Filamu inapenda sana machweo, na machweo hayana mwajiri. Kitabu kinasema jambo la kuudhi zaidi: mwajiri wa msimu amepata mfanyakazi anayekuja na kitanda chake, anayeshukuru kupewa waya wa umeme, na ambaye msimu ukiisha hahitaji kufukuzwa kwa sababu anajiondoa mwenyewe. Mabwana wa mashamba ya mkonge ya Tanga walilazimika angalau kujenga makambi.

Hata hivyo nisiwafanye watu hawa wote kuwa wa kuhurumiwa. Watazame kwenye kituo cha kumwagia, asubuhi, wakiwa wamepanga foleni. Nyumba ya magurudumu ina matangi matatu: la maji safi, la maji ya sinki na bafu, na la choo. Nilimtazama bibi mmoja mwenye umri wa mama yangu akifanya kazi hiyo. Alivaa glavu, akafunga bomba nene kwenye tumbo la gari na kulikaza, akalipeleka hadi kwenye shimo na kulikandamiza kwa jiwe. Alianza na tangi la choo. Akavuta vali kwa mkono mmoja, macho yake kwenye kiwiko cha plastiki angavu alichokiweka makusudi ili aone kinachopita. Kilipopita kilichopita, akafungulia tangi la pili, maji ya sabuni yakalisukutua bomba. Aliyetangulia kinyume, aliniambia, ataliosha bomba kwa mkono. Akanionya pia juu ya wageni wanaoacha vali ya choo wazi siku zote: maji hutoka, mengine hubaki yakarundikana, na mwisho wake ni fundi na nyundo. Alisema hayo yote kwa sauti ya mtu anayefundisha kupika pilau. Nikawaza ni wangapi kati yetu tunaoishi ghorofani tunaojua kinakoelekea tulichokitoa asubuhi. Yeye anajua maji yake yote kwa galoni, anajua umeme wake kwa asilimia, na akikoga hufunga maji wakati wa kujipaka sabuni. Kijijini kwetu angeelewana na kila mtu.

Lakini hata yeye ana anwani. Sheria haimtambui mtu asiye na mahali. Leseni, bima, benki, kadi ya kupigia kura, hata wito wa kuwa mzee wa baraza mahakamani, vyote vinauliza unakaa wapi, na jibu la "hapa, hadi Alhamisi" halina kisanduku kwenye fomu. Ndiyo maana maelfu ya wanaoishi barabarani ni wakazi kisheria wa Dakota Kusini, jimbo ambalo pengine wengi wao hulipitia mara moja tu kila baada ya miaka kadhaa. Halitozi kodi ya mapato, na kwa leseni ya udereva liliridhika na sanduku la barua pamoja na risiti ya usiku mmoja tu wa kulala hotelini au kambini. Mwaka 2023 bunge la jimbo hilo likapitisha sheria ya kutaka anayejiandikisha kupiga kura awe ameishi humo angalau siku 30. Kodi ya leseni ya gari jimbo linaitaka bado. Kura ndiyo iliyoanza kulitia mashaka.

Mijini hali ni ngumu zaidi. Los Angeles ilikuwa na sheria ya mwaka 1983 iliyokataza mtu kutumia gari kuwa makazi. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliifuta kwa sababu haikueleweka: mtu akiwa na blanketi na chupa ya maji kwenye kiti cha nyuma, anaishi humo au anakwenda ufukweni? Polisi walikuwa wakiamua kwa kumtazama mtu. Kisha Juni 2024, katika kesi ya mji wa Grants Pass wa Oregon, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura sita dhidi ya tatu kwamba miji inaweza kuwaadhibu wanaolala nje katika maeneo ya umma hata kama hawana pengine pa kulala. Mwenye basi la kifahari la dola laki tano anasoma habari hiyo kwenye kambi ya kulipia na kufungua ukurasa mwingine. Mwenye gari dogo lililochubuka anaisoma akiwa nyuma ya duka, taa zimezimwa.

Mambo haya si mapya. Mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza karavani 41 za rangi ya fedha kutoka Cape Town hadi Cairo, wakipita Afrika Mashariki na Ethiopia. Zilizama matopeni, ekseli zikakatika, lakini pa kusimama hapakukosekana. Addis Ababa mfalme Haile Selassie mwenyewe aliwapokea, na Cairo wakaegesha karibu na piramidi. Mtu akifika na msafara kama huo, hakuna anayemuuliza anwani yake.

Wapo Waswahili wengi wanaoyaishi haya bila kuitwa wasafiri wala wastaafu: madereva wa malori ya masafa marefu. Wakenya, Watanzania na Wakongo wamejaa katika kazi hiyo huko Marekani. Kitanda kiko nyuma ya usukani, jokofu dogo chini ya kitanda, sufuria ya umeme ya kusongea ugali juu ya kabati. Nilizungumza na mmoja wao, mtu wa Kisauni, Mombasa, katika kituo cha malori nje ya Amarillo, Texas. Nilitegemea aniambie habari za upweke. Akanicheka.

"Dadangu, barabara haina neno. Neno ni pa kulala. Ikifika saa kumi na mbili jioni vituo vyote vishajaa, na saa yangu inanihesabia."

Saa aliyoitaja ni kifaa kilichofungwa kwenye lori. Sheria inamruhusu kuendesha saa 11, kisha lazima apumzike saa 10. Akizidisha, kifaa kinamshtaki. Akisimama kando ya barabara kuu, askari anamfukuza. Mwaka 2009 dereva aitwaye Jason Rivenburg, aliyekuwa amebeba maziwa, alifika mapema kuliko muda aliopewa, akakosa pa kusubiri, akaegesha kwenye kituo cha mafuta kilichotelekezwa huko South Carolina. Alipigwa risasi akiwa amelala. Aliyemuua alimkuta na dola saba. Mjane wake, aliyekuwa mjamzito, alipigania jambo hilo hadi bunge likapitisha mwaka 2012 sheria inayobeba jina la mumewe, ya kuhesabu na kuongeza maegesho ya malori. Dereva wangu aliijua habari hiyo yote bila kusoma popote. Anajua pia vituo vilivyoachwa njia nzima hadi Flagstaff, na halali katika hata kimoja.

Wenye nyumba za magurudumu waliofikiria mapema walijijengea pao. Mwaka 1978 mume na mke, Joe na Kay Peterson, walianzisha chama kiitwacho Escapees, na makao yake yako Livingston, Texas. Maelfu hupokelea barua zao huko. Chama hicho pia kina uwanja kwa wale ambao macho, mgongo au kumbukumbu haviwaruhusu tena kuendesha. Unaingia na gari lako, unaliegesha mara ya mwisho, unaendelea kulala kwenye kitanda chako kilekile, na watu wanakuletea chakula, wanakupeleka kwa daktari, wanakuangalia mchana. Hakuna anayekuambia panga vitu vyako uhamie chumba cha wazee. Katika yote niliyoyaona katika maisha haya, hilo ndilo lililonivutia kuliko jangwa na machweo yake.

Nilimsimulia yule wa Kisauni. Ana miaka 58. Kisauni amejenga, nyumba imeezekwa, imebaki rangi. Lakini sukari na presha vimeshamwingia, na bima ya afya ya wazee ya Marekani, atakayoipata akifika 65, kwa kawaida hailipi matibabu nje ya nchi hiyo. Akirudi anaiacha. Akibaki, kodi ya nyumba itamla pensheni yote. Kumbe alikuwa amekwisha kupiga hesabu za karavani: bei ya iliyotumika, gari la kuivuta, majira ya baridi Arizona, miezi minne Mombasa kila mwaka vidonge vikiwa mkobani. Aliniuliza maswali ya mtu aliyekaribia kuamua. Tangi la maji hubeba galoni ngapi? Gesi hudumu siku ngapi? Huko Livingston wanapokea mtu ambaye hakuwahi kuwa mwanachama akiwa kijana?

"Na wifi yangu anasemaje?" nikamuuliza.

Akapunguza sauti ya redio. "Nimemweleza yote, la sola, la jangwa, la sijui nini. Hakupinga hata moja. Ameuliza swali moja tu: hicho choo, nani atakayekimwaga?"

"Ukamjibu nini?"

"Mtandao ukakatika," akasema, akaangalia kile kifaa chake, kilichobakiza saa tatu za kupumzika.